Kuhakiki Hadithi ya Kuchezwa

Mtahiniwa anayevijua vigezo vya uhakiki haogopi kazi ngeni. Jipime kwa utanzu ambao huenda hujawahi kuusoma: mchezo wa kompyuta wa maandishi matupu.

Maana
Huu ni mchezo usio na picha. Programu hukueleza ulipo, kisha hukusubiri uandike tendo, kwa mfano “chukua taa”. Hutambua kitenzi na nomino yako, halafu huendeleza hadithi. Mfano wa awali ni *Adventure*, uliotungwa Marekani katikati ya miaka ya 1970 na Will Crowther, aliyewahi kushiriki kuchora ramani ya pango halisi la Kentucky. Don Woods aliupanua mwaka 1977.

Sifa za fani
1. Nafsi: aghalabu husimuliwa kwa nafsi ya pili. Wewe ndiwe mhusika mkuu.
2. Hadhira: ni hadhira tendi, kama katika vitendawili. Asipokuwapo wa kujibu, mchezo hauendelei.
3. Muundo: wachezaji wawili wanaweza kupita njia tofauti.

Vigezo vya kuhakiki
(a) Lugha: Je, maelezo ni mafupi lakini yanakuwezesha kuona mahali na vitu?
(b) Mafumbo: Je, yana dokezo la haki? Kitendawili kizuri hutaja sifa za kitu. Ukipewa jibu unakubali kwamba ulistahili kulijua. Fumbo lisilo na dokezo ni kasoro ya mtunzi.
(c) Uamuzi: Je, unachochagua kinabadilisha lolote, au njia zote ni moja?
(d) Dhamira: Je, matendo unayotakiwa kufanya yanajenga ujumbe?

Katika mashindano ya IFComp, yaliyoanza mwaka 1995, waamuzi hutoa alama 1 hadi 10 kwa kuzingatia saa mbili za kwanza za kucheza. Kwa hiyo mwanzo wa kazi una uzito mkubwa.

Kosa la kuepuka
Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kusimulia badala ya kuhakiki. Linganisha:

Jibu dhaifu: “Mchezaji aliingia pangoni na taa, akapata hazina.”

Jibu zuri: “Katika *Adventure*, betri ya taa hupungua kadiri mchezaji anavyoendelea. Hivyo kila hatua ina gharama, na mtunzi anajenga taharuki bila kutumia neno ‘hofu’.”

Jibu la pili lina hoja, ushahidi na athari. Hayo matatu yatakufaa hata kwa riwaya na tamthilia.

Zoezi
1. Eleza tofauti mbili kati ya hadhira ya riwaya na hadhira ya mchezo wa maandishi.
2. “Fumbo lisilo na dokezo humdhulumu mchezaji.” Jadili kwa kurejelea vitendawili viwili unavyovijua.
3. Chukua tukio moja katika riwaya uliyosoma. Liandike upya kwa nafsi ya pili, kisha eleza kilichobadilika.