Kusoma roman wakati wa vakansi

Wandugu wa darasa la tano, vakansi kubwa imefika na mutapewa L'Enfant noir ya Camara Laye, kitabu cha mwaka 1953. Siye wa sita tulikisoma kama hadithi tu. Mwalimu alipouliza, tulikumbuka yule nyoka mdogo mweusi wa baba, basi. Hatukuandika kwamba palepale, mwanzoni, baba anaogopa: mtoto yuko masomoni, je, atakaa karibu naye katika uhunzi? Swali hilo linatembea mpaka mtoto anapanda ndege kwenda Ufaransa.

Maswali ya namna hiyo muyaandike katika daftari, pamoja na namba ya ukurasa. Musipige mistari ya biki ndani ya kitabu (siye tulipiga, mutusamehe). Kitabu ni kimoja, wasomaji wengi, na anayefuata atasoma mawazo yetu kabla hajapata yake.