Uchovu wa Kazi kwa Wauguzi na Walimu

Muuguzi aliyesifika kwa upole aanza kuwakaripia wagonjwa. Mkufunzi wa chuo, ambaye zamani wanafunzi walimzunguka kwa maswali hata baada ya kipindi, sasa asoma maelezo ya miaka iliyopita bila kuinua macho. Aghalabu watu husema, "Huyu amekuwa mvivu." Katika makala haya tutaonyesha kwamba hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, na kwamba chanzo chapaswa kutafutwa kwanza katika kazi yenyewe.

Maana yake

Taa ya utambi ikiwa na mafuta, kinachoungua hasa ni mafuta. Yakiisha, utambi wenyewe huanza kuungua. Ndivyo ilivyo kwa mtu atoaye nguvu za moyo wake kila siku bila kupata cha kuzirudisha.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York, Marekani, alichapisha makala yaliyolitangaza jambo hili kwa wataalamu. Alikuwa akijitolea katika zahanati ya bure, na aliona wenzake wakiishiwa nguvu, wakikasirika upesi na kupoteza imani na kazi waliyoipenda. Yeye mwenyewe alipatwa na hali hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale wenye bidii na moyo wa kujitoa. Asiyewasha taa yake haimalizi mafuta.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeieleza hali hii kuwa ni jambo litokanalo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Halikuihesabu kuwa ugonjwa.

Namna ya kuipima

Je, twaweza kupima kitu kisichoonekana? Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson, watafiti wa Marekani, walitoa kipimo chenye sentensi 22. Mfanyakazi huulizwa ni mara ngapi huhisi kila jambo lililotajwa, na katika namna ya kujibu iliyoenea zaidi huchagua kati ya 0, yaani kamwe, na 6, yaani kila siku. Sentensi hizo zimegawanywa katika mafungu matatu:

(a) Kuchoka moyo: sentensi 9. Mtu huhisi hana tena cha kutoa.
(b) Kuwaona watu kama vitu: sentensi 5. Mgonjwa huwa "kitanda namba saba", na mwanafunzi huwa daftari la kusahihishwa.
(c) Kuona mafanikio ya kazi: sentensi 8. Hapa alama zikiwa chache ndipo pana hatari.

Alama za mafungu haya hazijumlishwi pamoja. Mwalimu aliyechoka sana, lakini bado aona matunda ya kazi yake, hayuko katika hali moja na yule aliyekata tamaa kabisa.

Kuridhika na kazi

Wengi hudhani kwamba kuridhika ni kukosa manung'uniko tu. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Waliona kwamba mambo yaliyotajwa sana kuleta chuki, kama vile usimamizi mbaya na taratibu mbovu, hayakuwa yaleyale yaliyotajwa sana kuleta furaha, kama vile kufanikiwa, kutambuliwa na kupewa madaraka. Wataalamu wengine walipinga njia yao, wakisema kwamba ni desturi ya mwanadamu kujisifu kwa mema na kuyalaumu mazingira kwa mabaya. Hata hivyo swali lililoulizwa lingali na maana: je, kuondoa kero kwatosha kumpa mtu furaha?

Chanzo

Mwaka 1979 Robert Karasek, kwa kutumia takwimu za wafanyakazi wa Uswidi na Marekani, alionyesha kwamba dhiki ya nafsi huzidi pale kazi inapokuwa nyingi huku mfanyakazi akiwa na uwezo mdogo wa kuamua namna ya kuifanya. Muuguzi hachagui idadi ya wagonjwa watakaoletwa usiku, wala mwalimu hapangi ukubwa wa darasa lake.

Pamoja na hayo, tuna msemo usemao, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Kazini huyo ni yule hodari. Kwa kuwa hakatai, huongezewa zamu na vipindi mpaka naye aelemewe, na hasara humfikia mgonjwa au mwanafunzi.

Yafaa kufanywa nini?

Usingizi, mapumziko na mazungumzo na wenzake humsaidia mtu. Lakini akirudi kutoka likizo na kuyakuta yaleyale, mafuta yatakwisha tena. Hapana budi zamu na vipindi vigawanywe kwa haki, wafanyakazi washirikishwe katika kupanga ratiba, na kazi njema itambuliwe. Mwenye huzuni isiyomwacha hata nje ya kazi amwone daktari, maana huo waweza kuwa ugonjwa unaohitaji tiba.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini alama za mafungu matatu hazijumlishwi?
2. Mkuu wa chuo aongeza mishahara, lakini wakufunzi bado hawana furaha. Eleza kwa kutumia maoni ya Herzberg, kisha kwa kutumia ya wapinzani wake.
3. Chunguza ratiba ya shule yenu. Ni mambo gani ambayo mwalimu aweza kuyaamua mwenyewe, na ni yapi asiyoweza?