Kijana na Uzito Wake: Yanayomzunguka Nyumbani, Shuleni na Mtaani

Ikifika saa kumi na moja jioni, kona za Soweto, Manispaa ya Moshi, huanza kunukia mafuta ya moto. Viazi vimeshamenywa, karai limechemka, na muuzaji anauliza swali lake la kila siku: kavu au mayai? Mwanafunzi aliyetoka tuisheni ana njaa na hela kidogo mfukoni, na wenzake wote wako hapo kwenye benchi. Papai na ndizi mbivu zipo pia, kwenye genge la jirani, ila huko hakuna pa kukaa wala wa kupiga naye soga.

Kumwambia kijana huyo ajizuie tu ni kumtwika peke yake mzigo wa mtaa mzima.

Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zinaonyesha kuwa mwaka 2004–05, asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kufikia 2015–16 walikuwa asilimia 28. Uvivu hauwezi kuwa umeingia nchi nzima kwa miaka kumi na moja. Kilichobadilika zaidi ni maisha yenyewe. Huko juu mlimani, Kibosho na Marangu, wazee walikula mtori na kiburu, vyakula vya ndizi, lakini pia walipanda na kushuka vihambani, yaani mashambani mwao, na majani ya ng'ombe kichwani. Mjukuu aliyeko mjini anapanda bodaboda hadi shuleni, anakaa darasani mchana kutwa, kisha anakaa tena tuisheni.

Halafu ipo soda. Chupa ya nusu lita ya kola ina takribani gramu 50 za sukari, sawa na vijiko 12 hivi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, kiwango hicho ni gramu 50, kwa hiyo chupa moja imekimaliza kabla hajanywa chai ya jioni.

Lakini kinachoua ari ya kijana mapema kuliko soda ni maneno. Msichana akinenepa, shangazi anamsifu kuwa amenawiri. Shuleni anaitwa bonge. Akipungua, majirani wanaulizana anaumwa nini. Afuate lipi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha mwaka 2013 matokeo yanayofaa kusomwa na kila mzazi. Vijana ambao wazazi wao walizungumzia unene na uzito wao ndio walioelekea zaidi kujinyima chakula na kutumia njia hatari za kupungua. Mazungumzo yalipokuwa juu ya kula vizuri, bila kugusa umbo, hatari hiyo ilikuwa ndogo. Kwa hiyo "punguza kula, umejaa" haifai hata ikisemwa kwa upendo. "Leo tule mchicha na maharage sote" inafaa zaidi, mradi baba naye aweke soda yake pembeni.

Wasichana wana kikwazo kingine ambacho hakisemwi sana. Jioni kaka anaenda uwanjani. Dada anabaki kuosha vyombo na kupika. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanashauriwa kushughulisha mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Nyumba ikigawa kazi kwa haki, msichana atapata muda wa netiboli au wa kutembea na wenzake kabla giza halijaingia. Shule nazo zisiwaachie michezo wachache wanaochaguliwa kwenda UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa kuwa wanaobaki pembeni mara nyingi ndio wanaoihitaji zaidi.

Simu inaongeza shinikizo lake. Picha zilizorekebishwa zinamfanya kijana auchukie mwili wake, na papo hapo anatangaziwa chai ya kukata tumbo. Anayeanza kwa kujichukia hachelewi kukata tamaa. Anayetaka kukimbia bila kuhema, au kucheza dakika zote, ana sababu yake mwenyewe ya kuendelea.

Mzazi asitumie kipimo cha watu wazima kumhukumu mtoto anayekua. Uwiano wa uzito na urefu wa kijana husomwa kulingana na umri na jinsia yake, kazi ambayo mhudumu wa afya au afisa lishe ataifanya. Kijana akianza kuruka milo, kujitapisha baada ya kula, kumeza dawa za kupunguza mwili au kujificha anapokula, apelekwe kituo cha afya mapema, na aingie kwa daktari bila kugombezwa njiani.