Kuku wa Mjane na Mchicha wa Jirani

Bwana Mshauri,
Mimi ni mjane, nakaa pembezoni mwa mji wa Tanga, nami nina mitetea 11. Nikiwaachia, humaliza mchicha wa jirani, ambaye sasa hata salamu yangu haitikii, nikiwafungia, hunyong'onyea. Vifaranga nao huliwa na mwewe na nguchiro. Wanangu wanihimiza niwauze wote. Nifanyeje?
Mama Mfugaji

Bibi mpendwa,

Waraka wako nimeusoma kwa makini, na kwa rai yangu kosa si la kuku bali ni la saa; maana kuku, ambaye gizani haoni vema, hurejea mwenyewe pale alipozoea kula na kulala, basi ukimfungulia alfajiri umempa mchana kutwa wa kufanya ufisadi, ilhali ukimfungulia baada ya alasiri, akiwa amekwisha taga bandani, kwani wengi hutaga kabla ya adhuhuri, atadonoa majani na wadudu karibu na nyumba hata magharibi impeleke kichagani, hasa akijua kwamba mtama humwagwa humo wakati huo.

Banda ndilo lenye gharama, wala sikufichi. Ule wavu mwepesi wa matundu makubwa humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii nguchiro kuingia. Tafuta wavu mgumu usiopenywa na kidole gumba, uufukie kadiri ya sentimita 30, kwa kuwa hasimu huyu hufukua, na juu uezeke makuti. Vifaranga wakae chini ya tenga na mama yao hata wapate manyoya kamili. Mtetea arukaye ua, mkate manyoya marefu ya bawa moja tu, apotewe na mizani. Haumii, maadamu unyoya si mchanga wenye damu, nayo humea tena.

Na kwa kuwa waliofungiwa pamoja huambukizana mdondo upesi, wachanje kwa matone ya jichoni kila miezi 3.

Wanao waniwie radhi: mfugo usiuzwe kwa sababu ya ua mbovu. Ama jirani, mwendee kabla hujapiga msumari wa kwanza, umlipe mchicha wake kwa fedha taslimu. Usimpelekee mayai, kwani atayatazama na kusema kwamba ni mchicha wake uliobadili sura.