Trekta Kuukuu Ikikataa Kuwaka

Ndugu zetu wa vikundi, mvua za Aprili hazimngojei mtu. Huku kwetu Njoro, Rongai na Bahati, kikundi kikichanga pesa za trekta mara nyingi huangukia Massey Ferguson 135, ile iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, miaka ya 1960 na 1970. Ni kuukuu, lakini injini yake ya Perkins ya silinda tatu haina mambo mengi.

Mwaka mmoja yetu ilizima katikati ya shamba la mjane, ekari moja imelimwa, mbili bado. Fundi tuliyemwita aliitazama dakika tano, akasema pampu ya dizeli imekufa, tununue nyingine. Kumbe ilikuwa hewa tu. Siku tatu za mvua zikapita bure.

Kwanza angalieni moshi. Mmoja azungushe starta, mwingine atazame ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika. Labda betri ni dhaifu au ni baridi ya asubuhi. Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki. Hapo msikimbilie spana. Hakikisheni kifundo cha kuzimia kimesukumwa ndani (msicheke, sisi kilitupotezea saa nzima), koki ya tangi iko wazi, na kifuniko cha tangi kinapumua. Kikiziba, trekta hulima nusu saa, hukata, ikipumzika huwaka tena. Mkifungua kifuniko mkasikia hewa ikivutwa ndani, mmempata mwizi.

Sasa kutoa hewa. Legezeni skrubu iliyo juu ya filta, kisha pigeni ule mkono mdogo wa pampu ya kuvuta dizeli, ubavuni mwa injini. Dizeli itatoka na mapovu. Endeleeni mpaka itoke safi, ndipo mkaze, huku bado inatoka. Fanyeni vivyo hivyo kwenye skrubu za pampu kubwa, ile ya ubavuni kwanza, ya juu baadaye. Mkono ukilegea tu bila kuvuta kitu, pampu si mbovu: zungusheni injini kidogo, mjaribu tena. Mwisho legezeni nati za mabomba kwenye nozeli, mpige starta mpaka dizeli iruke, kisha kazeni. Starta ipigwe kidogo kidogo na kupumzishwa, isije ikaungua.

Hapa tunaonya kwa nguvu. Mtu asipitishe kidole kutafuta mahali bomba au nozeli inapovuja. Dizeli ya shinikizo hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kama tundu la mwiba tu, lakini watu wamekatwa mikono kwa sababu hiyo. Akichomwa, aende hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe ni dizeli.

Hewa ikirudi kila siku, kagueni maungio na mipira ya filta. Na jazeni tangi jioni, sababu usiku wa baridi tangi tupu hutoa jasho ndani, na maji hayo huharibu pampu.

Vumbi letu la majivu ya volkano ndilo linaloua injini polepole. Bakuli la oili la kisafisha hewa lifunguliwe kila siku wakati wa kiangazi. Tope likijaa chini, mwageni, osheni, mtie oili mpya mpaka kwenye alama, isizidi. Andikeni tarehe katika daftari la trekta, na daftari hilo likae kwa dereva, si kwa mweka hazina.