Uhakiki wa Saketi: Nafasi ya Lugha katika Usanifu wa Chipu kwa Tarakilishi

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapolisikia neno uhakiki, fikira zake huelekea kwenye riwaya, tamthilia au diwani. Mhandisi wa elektroniki naye ana uhakiki wake, ila matini anayoihakiki ni saketi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chipu zinavyosanifiwa kwa msaada wa tarakilishi, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya usanifu huo ni kazi ya lugha: kuandika maelezo, kuyafasiri na kuthibitisha kwamba maana haikupotea njiani. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi uwanja huu unatuhusu sisi pia tunaosoma isimu na tafsiri jijini Nairobi, wala hauwahusu wahandisi peke yao.

2. Chimbuko la zana za usanifu

Saketi unganishi, au chipu kwa lugha ya kila siku, ni kipande kidogo cha nusukipitishi, aghalabu silikoni, ambacho ndani yake transista nyingi zimeundwa na kuunganishwa pamoja. Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha saketi ya aina hiyo mwaka 1958, naye Robert Noyce wa Fairchild akabuni njia yake mwaka 1959. Chipu ya Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300 hivi. Mchoro wa kiasi hicho uliweza kuandaliwa kwa mkono.

Leo chipu moja huweza kuwa na mabilioni ya transista. Mtu akichora transista moja kwa kila sekunde, bila kula wala kulala, bilioni moja zitamchukua zaidi ya miaka 31. Hapana budi basi kazi hiyo ikabidhiwe tarakilishi. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa programu ya SPICE, ambayo hukokotoa mwenendo wa saketi kabla haijaundwa. Mwaka 1980 kitabu cha Carver Mead na Lynn Conway kuhusu usanifu wa chipu kikaeneza wazo muhimu, kwamba anayesanifu si lazima awe yule yule anayetengeneza. Msanifu akizifuata kanuni za kiwanda, anaweza kuketi mbali nacho na kukipelekea mchoro. Wazo hilo ndilo linaloipa nafasi nchi isiyo na viwanda vikubwa vya chipu.

3. Maelezo yenye sarufi

Msanifu wa siku hizi haanzi kwa kuchora bali kwa kuandika. Lugha mbili zinazotumiwa sana ni Verilog, iliyobuniwa mwaka 1984, na VHDL, iliyosanifishwa mwaka 1987. Lugha hizi zina msamiati, sintaksia na semantiki, na sentensi iliyovunja kanuni hukataliwa.

Tuchukue mfano wa saketi ya kujumlisha tarakimu mbili, A na B, ambazo kila moja ni 0 au 1. Maelezo yake ni sentensi mbili tu. Ya kwanza: jumla ni 1 iwapo moja tu kati ya A na B ni 1. Ya pili: kibebwa ni 1 iwapo A na B zote ni 1. Kwa hivyo 1 na 1 hutoa jumla 0 na kibebwa 1, yaani 10, ambayo katika hesabu ya tarakimu mbili ni namba mbili.

Msomaji atambue tofauti moja ya kisemantiki. Katika programu ya kawaida, sentensi hutekelezwa moja baada ya nyingine, kama masimulizi. Katika maelezo ya saketi, sentensi hizo mbili ni kweli kwa wakati mmoja, kwa kuwa umeme hupita kwenye malango yote bila kungoja zamu. Anayeyasoma maelezo ya saketi kana kwamba ni hadithi yenye mwanzo na mwisho huyaelewa visivyo.

4. Usanisi kama ufasiri

Hatua inayofuata huitwa usanisi. Programu huyachukua maelezo na kuyageuza kuwa mtandao wa malango ya mantiki: NA, AU, SI na mengineyo. Huu ni ufasiri, na kama ilivyo katika ufasiri wowote, maana moja huweza kuvikwa maumbo mengi. Kauli "si kweli kwamba A na B zote ni 1" ina maana sawa na kauli "A si 1, au B si 1". Maana ni moja, lakini idadi ya malango, nafasi yanayochukua na umeme yanaotumia huweza kutofautiana. Utafiti mwingi wa usanisi hutafuta umbo la gharama ndogo lisilobadilisha maana. Baada ya hapo, programu nyingine hulinganisha matini chanzi na matini lengwa ili kuthibitisha ulinganifu. Mwanafunzi wa nadharia za tafsiri hatakosa kuitambua dhana hiyo, ingawa hapa ulinganifu hauna daraja: ama upo, ama haupo.

5. Upangaji wa malango na upitishaji wa nyaya

Malango yakishapatikana, yapaswa kupangwa juu ya silikoni na kuunganishwa kwa nyaya. Hebu tulitazame jiji letu. Wakazi wa Kangemi, Kawangware, Lavington na Westlands huelekea katikati ya jiji kila asubuhi, na barabara zikiwa chache, msongamano hauepukiki. Barabara ya mwendo kasi iliyofunguliwa mwaka 2022, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilipitishwa juu ya barabara nyingine katika baadhi ya sehemu kwa sababu nafasi ya chini ilikuwa imejaa. Chipu nayo ina nyaya za matabaka kadhaa, tabaka juu ya tabaka, na vipito vya kupandia na kushukia. Hali kadhalika, kasi ya chipu huamuliwa na njia yake ndefu kuliko zote, mithili ya mhadhara usioweza kuanza hadi mwanafunzi wa mwisho awasili kutoka Kangemi.

Ugumu unatokana na wingi wa chaguo. Vitu 10 huweza kupangwa kwa namna 3,628,800. Vitu 20, kwa namna zaidi ya bilioni bilioni mbili. Hakuna tarakilishi iwezayo kujaribu mipangilio yote ya malango milioni moja. Mwaka 1983 Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi wa kampuni ya IBM walipendekeza mbinu inayoiga ufundi wa mhunzi: chuma kilichopashwa moto hupoezwa polepole ili kitulie vyema. Programu huanza kwa kukubali hata mabadiliko mabaya, kisha huyakubali kwa nadra zaidi kadiri "inavyopoa". Mpangilio unaopatikana aghalabu ni mzuri, ijapokuwa hakuna hakika kuwa ndio bora kuliko yote.

6. Uigaji, uhakiki na upimaji

Hapa ndipo istilahi zinapohitaji uangalifu. Uigaji ni kuipa saketi, ikiwa bado ni maelezo, mifano ya data na kutazama inavyojibu. Uhakiki rasmi ni kuthibitisha kwa hoja za kihisabati kwamba saketi ni sahihi kwa data zote. Upimaji ni kukagua chipu iliyokwisha kutengenezwa ili kubaini kama ina kasoro ya kiwandani. Maneno haya yakichanganywa, mwanafunzi atadhani kuwa chipu iliyopita upimaji imesanifiwa sawasawa, kumbe imetengenezwa kwa ukamilifu kutokana na mchoro wenye kosa.

Uigaji pekee hautoshi. Saketi ya kujumlisha namba mbili za biti 32 ina michanganyiko ya data ipatayo bilioni bilioni 18. Tukikagua bilioni moja kwa kila sekunde, tutahitaji zaidi ya miaka 580. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati huko Virginia, Marekani, aligundua kwamba chipu ya Pentium hukosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Nafasi 5 katika jedwali la ndani hazikuwa zimejazwa ipasavyo. Kosa hilo liliigharimu Intel dola milioni 475, na likauongezea msukumo utafiti wa uhakiki rasmi.

7. Nairobi na nafasi yake

Mwaka 2013 kifaa cha intaneti cha BRCK kilitangazwa Nairobi, na wabunifu wake walikuwa na makao katika Barabara ya Ngong. Kifaa kilikuwa chetu, lakini chipu zilizokuwa ndani yake zilisanifiwa ng'ambo. Tangu hapo milango imefunguka. Mwaka 2020 kampuni za Google na SkyWater zilitoa hadharani kanuni za usanifu wa chipu za nanometa 130, na zana kama Yosys, OpenROAD na KLayout hupatikana bila malipo. Mwanafunzi wa Chiromo mwenye tarakilishi ya kawaida anaweza kupita hatua zote tulizoeleza, toka maelezo hadi mchoro. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, na mwezi Mei 2024 Marekani ilitangaza ushirikiano na Kenya katika sekta hii. Gharama ya kutengeneza chipu ingali kikwazo. Gharama ya kujifunza kuisanifu imepungua mno.

8. Hitimisho

Kinachotupungukia ni maelezo yanayoeleweka. TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi hiyo ilionyesha kuwa istilahi za sayansi zinawezekana. Lakini istilahi hukomaa kwa kufundishiwa, si kwa kuorodheshwa. Tunapendekeza wanachama wetu waketi na wanafunzi wa uhandisi, waieleze saketi ya kujumlisha kwa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza hadi waya wa mwisho, kisha wamfundishe mwanafunzi wa shule ya upili. Neno litakalomkwaza litupwe, litakalomfaa lihifadhiwe. Huo nao utakuwa uhakiki.

Maswali ya mjadala

1. Je, neno uhakiki lichukue maana hii mpya, au libuniwe neno jingine? Toa sababu.
2. Fafanua tofauti kati ya ulinganifu katika tafsiri ya fasihi na ulinganifu katika usanisi wa saketi.
3. Yaeleze kwa Kiswahili malango ya NA, AU na SI kwa mifano ya maisha ya kila siku.