Kazi za Kujitolea Shuleni: Kumtafutia Kila Mtoto Kazi Inayomfaa

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo hupewa mara nyingi jukumu la kusimamia kazi za kujitolea. Yaonekanayo katika shule nyingi ni haya: kengele hulia, wanafunzi hupangwa mistari, na wote, wakubwa kwa wadogo, hupelekwa kufyeka au kuchota maji. Jioni mwalimu huandika kwamba wanafunzi wamejitolea. Kwa kweli hawakujitolea, wametii amri. Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kutafuta kazi zinazolingana na umri na mwelekeo wa kila mtoto. Mifano imetolewa Morogoro na milima ya Uluguru, lakini njia yenyewe yaweza kutumika popote.

Tofauti ya kujitolea na kulazimishwa

Uluguru ina funzo kubwa juu ya jambo hili. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Shabaha ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya. Lakini watu hawakushauriwa, na mahali pengi udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa, mazao yakadhoofika. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukaachwa. Hata hivyo, huko Mgeta, ambako wakulima waliona faida ya matuta kwa kilimo cha mboga za kumwagilia, matuta ya ngazi yanalimwa mpaka leo. Kazi ni ile ile. Kilichotofautiana ni kama mtendaji aliona sababu yake.

Mfano wa pili ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoshirikisha watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani au kufukia madimbwi. Mwalimu na aige mpango huo: maarifa kwanza, majadiliano, uamuzi, halafu kazi.

Kuzingatia umri

Jembe la mtu mzima halimfai mtoto wa miaka saba, wala kuokota karatasi hakumtoshi kijana wa miaka kumi na mitatu. Mgawanyo ufuatao waweza kumwongoza mwalimu:

(a) Miaka 6 hadi 8. Kazi iwe fupi, isizidi nusu saa, na matokeo yaonekane upesi. Watoto hawa waweza kujaza udongo katika viriba vya miche, kumwagilia kitalu kwa makopo madogo, au kuwaimbia wazee nyimbo walizojifunza.

(b) Miaka 9 hadi 11. Hawa hupenda kushirikiana na kuhesabu. Wapewe kutunza kipimamvua na kuandika vipimo kila asubuhi, kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono, au kuwasomea hadithi wanafunzi wa darasa la kwanza.

(c) Miaka 12 hadi 14. Hawa wanaweza kupanga kazi wenyewe. Wanaweza kumsomea barua bibi asiyeona vizuri, kuendesha kitalu cha michungwa na mifenesi, au kuandaa igizo juu ya malaria kwa ajili ya mkutano wa kijiji.

Kwa umri wowote, kazi za hatari zisikubaliwe. Wakati wa masika miteremko ya Uluguru huteleza na vijito hujaa ghafula. Watoto wasipelekwe kando ya mto siku za mvua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumia mtoto katika kazi yenye kumdhuru au ya kulazimishwa. Ifahamike pia kwamba kulima shamba la mwalimu hakuwezi kuitwa kujitolea, hata kama watoto wataitikia kwa furaha. Mtoto hana nguvu ya kumkatalia mwalimu wake.

Kuzingatia mwelekeo

Watoto wenye umri mmoja hawapendi mambo yale yale. Yupo apendaye kuchora: huyo achore bango la zahanati. Yupo apendaye wanyama: huyo aorodheshe ndege waonekanao karibu na shule. Yupo mpole asiyependa kusema mbele ya watu: huyo atatunza kumbukumbu vizuri kuliko msemaji. Mtoto mwenye ulemavu asiachwe darasani kulinda mikoba. Aulizwe anachotaka kufanya, kama wenzake walivyoulizwa. Tena mwalimu ajihadhari na desturi ya kuwapa wasichana ufagio na wavulana uongozi.

Hatua za kufuata

1. Kutafuta mahitaji. Wanafunzi wawaulize viongozi wa kijiji au mtaa, muuguzi wa zahanati, na wazee: ni kazi gani mtoto aweza kuisaidia?

2. Kuorodhesha. Majibu yaandikwe ubaoni. Mwalimu aondoe yaliyo ya hatari na aeleze sababu.

3. Kuchagua. Kila mwanafunzi achague kazi mbili azipendazo, aziandike kwa siri ili asifuate rafiki. Mwalimu ajitahidi kumpa mojawapo. Asiyetaka yoyote asiadhibiwe. Apewe nafasi ya kutazama kwanza.

4. Kuwaarifu wazazi na kupata idhini yao. Baadhi ya watoto huhitajiwa nyumbani siku ya gulio au wakati wa mavuno.

5. Kujaribu kwa majuma matatu, kisha kutathmini. Watoto waulizwe nani amefaidika, na nani angependa kubadili kazi.

Mfano wa kazi: kingo za kijito

Vijito vya Uluguru huingia mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Kutokana na jambo hilo mwalimu aweza kutunga kazi moja yenye sehemu nyingi. Wakubwa watapima meta 60 kwa kamba yenye mafundo, nalo ni somo la hisabati. Wa umri wa kati watahesabu miche inayohitajika. Wadogo watajaza viriba. Wachoraji watachora ramani.

Hapa busara inatakiwa. Kamba hiyo yaweza kupita katikati ya shamba la mzazi wa mmoja wao. Watoto wasifanywe askari wa kuwashtaki jirani. Majina ya wenye mashamba yasiandikwe. Aidha, kwa Waluguru ardhi nyingi ni ya ukoo unaofuata upande wa mama, na kupanda mti wa kudumu kwaweza kuonekana kama kudai ardhi. Basi mwalimu awaendee kwanza wazee wa ukoo na uongozi wa kijiji, na miche ipandwe tu pale waliporidhia. Bila hatua hiyo, miche itang'olewa, nao watoto watajifunza kwamba kujitolea ni kazi bure.

Hitimisho

Mtu hazoei kujitolea kwa kuhesabiwa mahudhurio. Huzoea kwa kupata kazi anayoiweza, anayoipenda, na ambayo jirani anaihitaji. Mwalimu akiacha moja ya hayo matatu, atapata vibarua watakaotoweka siku atakayohamishwa.

Mazoezi

1. Orodhesha mahitaji matano ya jamii inayozunguka shule yako ya mazoezi, na uonyeshe umri unaofaa kwa kila moja.

2. Mwanafunzi wa miaka 10 amekataa kazi zote zilizoorodheshwa. Jadili na wenzako jinsi ya kumsaidia bila kumlazimisha.